Kifua Changu na Mbio za Zuhura

Mimi Tatu binti Kibwana, mzaliwa wa Kinole mlimani, mkazi wa Mwembesongo, niliugua kifua kikuu na nimepona. Naandika kwa mkono wangu. Mkono huu ulijifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo, mtoto mgongoni, kwa hiyo usitafute urembo humu. Namwandikia yule anayekohoa sasa hivi na kusema ni moshi. Mimi pia nilisema ni moshi.

Kikohozi kilianza masika yakiishia. Nilikuwa nachoma vitumbua kila asubuhi mbele ya nyumba, na mchoma vitumbua akikohoa nani atashangaa? Nikanywa tangawizi. Nikalamba asali aliyoniletea binti yangu Rehema kutoka Kisaki, anakouza chakula stesheni. Kikohozi kikashiba, mimi nikakonda. Kanga niliyokuwa najifunga mara moja ikawa inanizunguka mara mbili na pembe inabaki. Nikipanda ngazi tatu za msikiti wa wanawake nashika ukuta kama mlevi.

Nyumba yetu ni ya ua mmoja. Upande wa barabarani anakaa mwanangu Athumani na mkewe Mariamu na watoto wao wadogo. Upande wa nyuma nakaa mimi na mjukuu wangu Zuhura, mtoto wa Rehema, niliyemlea tangu anaanza darasa la kwanza. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo Zuhura ni wangu mara mbili, kwa ukoo na kwa malezi.

Basi kipupwe kikaingia. Anayeujua mji huu anaujua upepo unaoshuka Uluguru miezi ile, unapita hata kwenye tundu la kufuli. Tukaambizana kwamba upepo ule ndio unaniua. Athumani akapigilia ubao dirishani kwangu. Zuhura akaziba nyufa kwa mabaki ya vitambaa vya cherehani chake. Mariamu naye akanitengea kikombe na sahani, kikombe akakifunga uzi mwekundu mkononi ili watoto wasikosee. Sikumlaumu, ana wadogo. Na Zuhura akahamishia godoro lake chumbani kwangu, ili nikishikwa na kikohozi awepo wa kuniinua.

Kosa letu lilikuwa hilo. Kikombe tulikitenga, pumzi tukachangia.

Aliyenitoa ndani ni mtani wangu Nyamizi, Mnyamwezi, muuza mchele sokoni kwetu. Asubuhi moja aliingia uani, akavua ndala, akakaa chini kwenye mchanga, akaanza kulia kilio cha msiba. Alilia kwa sauti hasa, mikono kichwani. Majirani wakaja mbio na kanga zao begani. Bi Chausiku wa nyumba ya tatu akauliza amefiwa nani.

"Mtumwa wangu Tatu amekufa," Nyamizi akasema.

Nikatokeza mlangoni. "Mbona niko hapa?"

"Hao wa mlimani hata kufa hawajui. Mtu amekufa tangu mwezi uliopita, bado anachoma vitumbua." Akanitazama toka juu hadi chini. "Nimekuja kulia mapema, kwa sababu mwezi ujao nina mzigo wa mchele kutoka Mbeya, sitapata nafasi."

Watu wakacheka. Ningekasirika vipi? Mtani hakasirikiwi. Nikajitanda kanga, tukaenda zahanati, Zuhura akatusindikiza.

Benchi la wanaokohoa liko nje, peke yake, chini ya bati. Niliokaa nao siku ile nawakumbuka wote. Mzee Mgaya wa Mzinga, aliyekuwa anatemea kwenye leso na kuikunja pembe nne kama barua. Fatuma Selemani, ananyonyesha huku amefunga barakoa. Josefu, kijana wa malori ya miwa, ambaye alisema amemsindikiza mtu, lakini mtu mwenyewe hakuonekana. Hatukutazamana. Mlango ukifunguka kila mmoja anasikiliza kama ni jina lake, na likiwa la mwenzake anashusha pumzi, halafu anaona aibu.

Muuguzi aliyenipa majibu anaitwa Leokadia. Ana sauti ya chini, huwezi kumsikia ukiwa unajiongelesha mwenyewe. Alisema, "Bibi, ni kifua kikuu. Kinapona. Utameza vidonge kila siku kwa miezi sita, hata siku utakayojisikia una nguvu za kubeba nyumba."

Halafu akauliza, "Unalala na nani?"

"Na huyu mjukuu wangu."

"Dirisha mnafungua?"

Nikamweleza habari ya ubao na vitambaa. Aliacha kuandika. Akamgeukia Zuhura, akamuuliza kama anakohoa, kama anakonda, kama anatoka jasho akilala. Zuhura akasema hana hata kimoja, na wakati ule ilikuwa kweli.

"Ung'oeni ubao leo hii," Leokadia akasema. "Sahani na kikombe havina kosa, kuleni pamoja. Na wewe dada, siku ukianza kukohoa, hata kama unajua ni mafua, uje. Usiniambie ni mafua. Mimi ndiye nitakuambia."

Athumani aling'oa ubao jioni ile na matundu ya misumari yakabaki. Mariamu alikata ule uzi mwekundu kwa wembe, akanimiminia chai.

Vile vidonge ni vikubwa, usidanganywe. Mkojo ulikuwa mwekundu kama chai ya mkandaa, nikadhani naoza ndani, na hakuna aliyekuwa amenionya. Nakuonya wewe: ni dawa tu inapita. Wiki za kwanza nilitapika. Nyayo zikawa zinawaka. Halafu ikaja njaa ambayo sikuwahi kuijua hata mwaka wa ukame, nikawa nakula vitumbua vyangu mwenyewe kabla wateja hawajaamka. Nyamizi alikuwa ananiletea chenga za mchele za kupikia uji, akisema ni za kuku wake lakini kuku wamezikataa.

Sasa niseme habari ya mbio, kwa maana ndizo zilizotutia roho mkononi.

Nyuma ya soko kulikuwa na kituo cha vijana. Chumba kimoja kikubwa na kibaraza. Pale wanafundishwa ushonaji na ufundi simu, na kuna siku ya mshauri kwa wale waliotoka kwenye madawa ya kulevya, na wasichana walioachishwa shule kwa mimba. Zuhura alipofeli kidato cha nne alilala amegeukia ukuta masika yote, haogi mpaka nimkokote. Kituo kile ndicho kilichomgeuza uso. Akajifunza cherehani, akawa anawafundisha wengine. Mwaka ule ninaousimulia, mwenye nyumba alitaka kodi ya pango kwa mkupuo au watoke. Zuhura, ana miaka ishirini na mbili, akasema atakimbia marathoni ya mji wetu, ile ndefu kamili, na mtaa umchangie. Wenye maduka, bodaboda, mafundi, kila mtu akaahidi. Ila sharti lilikuwa moja: amalize. Akiishia njiani hakuna mchango.

Akaanza mazoezi wakati mimi naanza dawa. Alfajiri anakwenda Kingolwira na kurudi, amevaa suruali ndefu na hijabu yake fupi, na raba alizonunuliwa na mama yake. Nikimeza vidonge vyangu namsikia anarudi, anahema mlangoni, namshukuru Mungu kwa mapafu yale.

Mvua za vuli zilipokaribia, nikaanza kuona vitu. Mimi nilikuwa nanenepa, mashavu yamerudi, na yeye anapungua, kama watu wawili wanaoazimana nguo moja. Nilipokuwa natandika asubuhi nilikuta shuka lake limelowa pale penye mgongo. Kisha siku moja nikiwa nakanda unga nilisikia bomba la uani limefunguliwa mpaka mwisho. Ndoo ikajaa, ikamwagika, na bomba halifungwi. Nikachungulia. Zuhura ameinama, amejiziba mdomo kwa kiwiko, anakohoa chini ya kelele za maji.

"Zuhura."

"Abee bibi."

"Hicho ni kikohozi gani?"

"Vumbi la Kingolwira. Kila anayekimbia kule anakohoa."

"Na kukonda?"

"Bibi, umewahi kuona mkimbiaji mnene?"

"Na shuka kulowa?"

Akafunga bomba. "Joto. Mvua zimekaribia."

Mimi nilisema moshi, yeye anasema vumbi. Nikamwambia aende kwa Leokadia.

"Nitakwenda mbio zikiisha."

"Kwa nini zikiisha?"

"Kwa sababu wakinikuta nacho watanizuia. Na nikizuiwa, wale wasichana wanakwenda wapi? Wewe uliniona nilivyokuwa kabla ya kile kituo. Uliniona, bibi."

Nilimwona. Ndiyo maana nilirudi kwenye unga wangu.

Nikalipeleka jambo kwa Athumani. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na Athumani neno lake si jingi. Alimwita uani akamwambia, "Mimi mjomba wako nakukataza kukimbia mpaka upimwe."

Zuhura hakuinua sauti. "Ulipopigilia ubao dirishani, mjomba, hukuniuliza."

Athumani akaingia ndani. Mariamu akawaita watoto. Siku zile ua wetu ukawa kama una maiti isiyozikwa. Rehema alipiga simu kutoka Kisaki, akalia, akakata. Na kila alfajiri nasikia raba zinatoka, nami nabaki nahesabu pumzi zangu zinazopita vizuri, naona haya kupumua.

Nikaenda sokoni kwa Nyamizi.

"Mtumwa wangu, umekuja kununua au kukopa?"

"Nimekuja kulia."

"Lia upesi, wateja wanakuja."

Nikamweleza yote. Alikuwa anachota mchele na kuumimina kwenye ungo, anachota na kumimina. Mwisho akauliza, "Raba anazo ngapi?"

"Hizo hizo tu."

"Basi."

Kesho yake kulipopambazuka, raba zikiwa mlangoni na Zuhura anafunga hijabu, Nyamizi aliingia, akazichukua, akazifunga kamba pamoja, akazivaa shingoni kama mkufu, akaondoka bila salamu. Mpaka Zuhura anatoka nje, mkufu umeshakata kona. Akamfuata na ndala, mimi nikamfuata yeye.

Raba tulizikuta sokoni, juu ya kilima chake cha mchele, pamoja na kibao cha bei.

"Shikamoo bibi Nyamizi."

"Marahaba, mtumwa wangu mdogo. Mchele wa Kyela huu, unanukia."

"Naomba raba zangu."

"Zako? Hizi nimeziteka. Mluguru alizitupa mlangoni, Mnyamwezi kaziokota."

Watu wakaanza kusogea. Mwantumu, muuza nyanya wa pembeni, akasema, "Mkomboe, binti. Mtani akiteka unakomboa."

"Unataka nini, bibi? Kuku?"

"Kuku wa nani? Wa kwenu wanalishwa kwenye mteremko, mguu mmoja mrefu mwingine mfupi, hata sufuriani hawakai sawa." Akaingiza mkono chini ya meza, akatoa kikopo kidogo chenye kifuniko, kile cha zahanati. Alikuwa ameshapita kwa Leokadia. "Nataka makohozi. Jaza hiki, upeleke, uniletee majibu. Ndipo uchukue raba zako."

Zuhura uso ulimbadilika. "Utani una mipaka, bibi."

"Mpaka wake ni kaburi, na hata pale anayechimba ni mtani. Mimi sitaki kukuchimbia wewe. Una miguu mirefu, nitachoka."

Watu wakaangua kicheko. Zuhura mwenyewe akashindwa, akacheka. Na kile kicheko kikageuka kikohozi. Kilimshika pale pale mbele ya watu, hakuna bomba la kufungulia, hakuna pa kuinamia, akashika gunia la mchele kwa mikono miwili, na kikohozi hakiishi. Soko lote la upande ule likakisikia. Kicheko kikafa. Mwantumu akashusha macho kwenye nyanya zake.

Nyamizi hakutania tena. Mkono wake wenye kikopo aliuacha umenyooka vilevile. Zuhura alipopata pumzi akajifuta macho, akakichukua.

Kikopo kikapelekwa, nasi tukarudi kwenye benchi lile la nje kungoja majibu, safari hii mimi ndiye msindikizaji. Mzee Mgaya alikuwepo, amekuja kuchukua vidonge vyake vya mwezi, akaniuliza hali. Zuhura alikaa mwisho wa benchi. Goti lake lilikuwa linarukaruka kama bado linakimbia. Leokadia aliwaita watu, akawaita wengine, na kila jina nililisikiliza mpaka herufi ya mwisho. Lilipofika lake aliinuka, akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Alitaka kuwa peke yake, nami nikamwachia.

Nilitazama ule mlango. Nikamwomba Mungu iwe vumbi. Nikaomba iwe mafua, iwe chochote kilichotoka Kingolwira, kisiwe kilichotoka kifuani kwangu.

Akatoka. Akakaa karibu nami, karibu kuliko alivyokaa mwanzo.

"Ninacho," akasema.

 Niliushika mkono wake, ulikuwa wa moto.

"Nani atawaambia kituoni?" akauliza. Halafu akajijibu, "Nitawaambia mwenyewe."

Alikwenda siku hiyohiyo. Hakuingia ndani. Alisimama nje ya dirisha na barakoa yake, wasichana wamejaa upande wa pili wa nondo, akawaambia hatakimbia na sababu yake. Hakuficha jina la ugonjwa.  Mmoja, Salma, bado mdogo kabisa, akauliza, "Kwa hiyo dada utakufa?"

Zuhura akanigeukia mimi niliyesimama nyuma yake. "Bibi alikuwa nacho. Muangalieni."

Wakaniangalia wote. Mwanamke mzee, mashavu yamejaa, kanga imeenea mara moja tu. Sijawahi kuangaliwa vile maishani mwangu, hata siku ya harusi. Nikajinyoosha.

Siku ya mbio tulisikia muziki wa vipaza sauti tangu asubuhi. Zuhura alilala amegeukia ukuta na mimi nilikaa mlangoni, roho juu, nikikumbuka yale masika ya zamani. Lakini saa ya dawa ilipofika aligeuka, akameza, akatapika, akaomba maji ameze tena. Nikajua huyu anataka kuishi. Kituo kilifukuzwa kwenye chumba. Vyerehani vikahamia kibarazani kwa Nyamizi, kati ya magunia, na mwaka mzima wasichana walishona hapo, mvua ikija wanavifunika kwa turubai. Mwenye nyumba hakupata mpangaji mwingine, akasema wakileta kodi watarudi. Wengi walioahidi kuchanga wakasema ahadi imelala, haijafa.

Miezi yake sita ilipita masika yakiwa katikati. Dawa hakuiruka hata siku moja, na hapo ndipo nakuomba wewe unayesoma unisikilize: siku utakayojiona umepona ndiyo siku ya hatari, meza. Leokadia alipomwambia basi, Zuhura alikwenda kwa Nyamizi na majibu yake. Nyamizi akamrushia raba, akasema zilikuwa zinamnukishia mchele, wateja wa Kyela wamemkimbia. Kisha akaingia ndani na kukaa huko muda mrefu.

Alianza kutembea, kisha kukimbia kidogo, kila hatua kwa ruhusa ya Leokadia. Mwaka uliofuata akajiandikisha tena, marathoni ile ile, sharti lile lile.

Siku ile nilisimama kwenye kamba ya mwisho wa mbio, uwanja wa mpira, na Mariamu, Nyamizi na wale wasichana. Wakimbiaji wenyewe, wale wembamba, walishaingia zamani na kupewa medali zao. Jua likapanda. Wakawa wanaingia mmoja mmoja, wengine wanachechemea, si Zuhura. Athumani alikuwa amechukua bodaboda kwenda kumtafuta njiani. Akapiga simu.

"Mama, nimemwona pale viwanja vya Nanenane. Anatembea."

"Anatembea, au anakohoa?"

"Niko mbali, mama. Nimeona anatembea tu."

"Sogea."

Simu ikakatika. Mariamu alinishika mkono, nami nikaukaza mpaka akasema namuumiza. Niliwaza maneno ya Leokadia kwamba mapafu yake yako sawa. Niliwaza pia kwamba Leokadia hajawahi kukimbia mpaka Nanenane na jua lile. Wafanyakazi wakaanza kukunja mabango.

Ndipo Salma akapiga yowe. Zuhura ameingia uwanjani. Anakimbia, kama kule kunaitwa kukimbia, mabega yameanguka, mdomo wazi. Athumani yuko nyuma yake anakimbia na kofia ya bodaboda kichwani. Akavuka mstari. Akainama, mikono magotini, na wasichana wakamzunguka wanaimba, na watu wa mtaa wanapiga makofi, na Nyamizi analia kile kilio chake cha msiba.

Mimi nilipita katikati yao. Nikamfikia, nikaweka sikio langu mgongoni kwake.

"Bibi, nimelowa jasho."

"Nyamaza. Pumua."

Moyo wake ulikuwa unatwanga. Nikauacha moyo, nikatafuta kifua. Pumzi ikaingia, ndefu, mpaka chini kabisa. Ikatoka. Nikangoja kikohozi, kile kinachofuata pumzi katika nyumba yetu. Kelele zilikuwa nyingi, nikaziba sikio la pili kwa kiganja.

"Tena," nikamwambia.

Akapumua tena.